Jioni Alizonichukulia Hulda

Watu wa usharika wetu wakimtaja Hulda huanza na upole wake. Mimi nitaanza na miguu yake, maana ndiyo niliyoiona kwanza. Siku aliyoletwa kuolewa na shemeji yangu Mika, alishuka kwenye lori la mizigo kando ya barabara ya Njombe, na miguu yake ilikuwa safi. Sisi tuliokwenda kumpokea tulikuwa tumetoka kupalilia mahindi, matope yametukaukia mpaka magotini. Yeye alivaa viatu vya ngozi vya kufunga kwa kamba, na mkononi alishika kitabu. Bibi harusi mzima ameshika kitabu, wala hakushika mwavuli, ijapokuwa manyunyu yalikuwa yanaanguka.

Baba yake, Ezekia, alikuwa mwalimu wa misheni. Alimfundisha bintiye kusoma mezani kwake kabla hajafikia umri wa kwenda shule. Hulda alisoma akitoka kisimani, ndoo ikiwa kichwani. Alisoma akikoroga ugali, mkono mmoja kwenye mwiko, na ugali wake haukuwa na mabuje. Hilo nalo liliniudhi. Mtu akipewa kitu kimoja kikubwa, basi angalau ugali wake uwe na mabuje.

Mimi sikupelekwa shule. Niliolewa na Filemoni angali anasoma darasa la wainjilisti. Nililima mimi, akasoma yeye. Viazi vyangu ndivyo vilivyomnunulia koti la kuhubiria, lile lile alilolivaa siku alipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa, na watu wakasema, tazama mzee wetu alivyopendeza. Sikulalamika. Nilikuwa na malipo yangu. Kila jioni baada ya kula alisoma mistari michache ya Biblia karibu na moto, akafunga kitabu, akaniuliza, "Umesikia nini, Ema?" Nami nilimwambia nilichosikia. Wakati mwingine alisema, "Hilo sikuwa nimeliona." Mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali la namna hiyo hawezi kujua lina utamu gani.

Tena nilikuwa kiongozi wa akina mama. Kila Alhamisi tulikutana kanisani, nami nilikaa kwenye kiti cha mbele, kile cha mti chenye mgongo. Kazi yangu haikuhitaji herufi. Nilijua nani mgonjwa, nani amefiwa, nani anahitaji kuni, zamu ni ya nani kwenda kumlimia mjane. Nyimbo nilizijua zote kwa moyo, na katekisimu pia. Nikianza kusali hakuna aliyekohoa.

Mika alikuwa utingo wa malori ya kwenda Songea. Masika moja lori lao liliteleza likapinduka, akafa papo hapo. Alimwachia Hulda binti mmoja mdogo, Ida.

Msiba ulipokwisha, wazee wa ukoo walikaa kuulizana nani atamchukua mjane. Kwa desturi yetu ya zamani, jibu lilikuwa linajulikana: kaka wa marehemu. Kaka wa marehemu alikuwa mume wangu. Nilikaa na wanawake pale ukutani, mikono imeniganda kama asubuhi ya Juni shambani.

Filemoni alisimama. Alisema, "Wazee wangu, mimi ni Mkristo na nina mke. Mjane harithiwi kama jembe. Hulda atakaa nyumbani kwangu kama dada yangu, nitamjengea, nitamtunza, na mtoto wake nitamsomesha."

Wanawake walipiga vigelegele. Changu kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Basi akamjengea nyumba, kati ya jiko langu na miti ya miwati. Nikifungua mlango asubuhi, wa kwanza kumwona ni Hulda. Nikitoka kumwaga majivu, Hulda. Alinisalimu vizuri siku zote, "Kamwene, dada," akiinama kidogo kama inavyopasa. Sina siku hata moja ninayoweza kuishika nikasema, hapa alinikosea adabu.

Jioni za kwanza alikuja na mtoto wake kusikiliza Neno, ni mjane, nani atamzuia? Filemoni alisoma, kisha kabla hajaniuliza mimi, Hulda akasema neno. Mwenyewe hakuulizwa. Akasema tu, "Shemeji, katika sura iliyotangulia si ndimo mtume alimokwisha kulisema jambo hili?" Filemoni akafungua kule nyuma, akapaona. Alicheka kama mtu aliyeokota kisu chake kilichopotea.

Tangu hapo ikawa vitabu. Filemoni alikuwa akienda Makambako kwa shughuli za kanisa, kwa kuwa pale ndipo malori ya Iringa, ya Mbeya na ya Songea yanapokutana, na kila kitu kinachokuja huku kwetu hupitia pale. Zamani aliniletea chumvi na sabuni. Sasa alirudi na vijitabu. Kimoja cha kuimarisha imani. Kimoja cha neema. Kimoja chenye jalada la kijani cha ndoa ya Kikristo. Kimoja cha namna ya kuongoza watu bila kuwapigia kelele, ambacho wazee wengi wa kanisa wangekihitaji. Hulda alivipokea kwa mikono miwili, akavinusa. Ndiyo, alivinusa, kama mtu anavyonusa mkate.

Kulikuwa na ubishi mmoja wa neema ambao siusahau. Mimi nilikuwa namenya viazi katikati yao, maganda yananiangukia mapajani.

"Neema," Filemoni alisema, "ni kupewa usichostahili. Basi."

"Umeruka mstari, shemeji," Hulda alisema. "Hapa wanasema kupewa, na kukubali kupewa. Kuna watu wanapewa lakini mikono wameificha mgongoni."

"Ah! Umenishinda."

"Sikukushinda mimi. Umeshindwa na kitabu."

Wakacheka wote wawili. Hata mtoto Ida akacheka, na hakuelewa chochote. Nilisema, "Viazi vitachelewa kuiva," ijapokuwa hakuna aliyekuwa ameuliza habari za viazi.

Siku walipofika kwenye kile cha jalada la kijani, Filemoni alinigeukia kwa furaha. "Ema, sikiliza hapa. Wanasema mume na mke wakae pamoja jioni, wazungumze, wasiache siku iishe kimya kimya."

"Vizuri," nikasema. "Na shemeji wa huyo mume je? Kitabu kinasema akae wapi?"

Hulda alifunga kitabu taratibu, akamwinua mtoto. "Nimechoka leo, dada. Mlale salama."

Alipotoka, Filemoni hakupandisha sauti. Angepandisha, ningepata la kujibu. Alisema, "Umemwaibisha mjane wa ndugu yangu."

"Mimi nimeuliza kitabu."

"Hukuuliza kitabu."

Basi Hulda hakuja tena jikoni kwangu jioni. Nilidhani nimeshinda. Siku chache baadaye Filemoni alibeba kigoda chake, akaenda kukaa kwenye baraza ya Hulda. Walisomea pale nje, jua likiwa bado lipo, mlango wazi, mtoto amekaa katikati, kila apitaye njiani anawaona na kuwasalimu. Hapakuwa na ubaya ambao mtu angeweza kuunyooshea kidole. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Angelala naye, ningempeleka mbele ya wazee, na wangemwondolea uzee wake siku hiyo hiyo. Nitampeleka wapi mtu kwa kosa la kusoma?

Kuna karani mmoja wa Makambako, mgane, mtu mwenye baiskeli na nyumba ya bati, alimtaka Hulda. Nilimkaribisha karani yule kwa kuku. Nilimsifu Hulda mpaka ulimi ukakauka. Hulda alikataa. Alimwambia kwa heshima kwamba Mika anamtosha, na vitabu vinamtosha. Yule karani alipanda baiskeli yake akaenda zake, na kuku wangu tumboni.

Halafu ikaja ile Jumapili. Mchungaji wetu, Mchungaji Elieza, baada ya mahubiri alitangaza kwamba kuanzia sasa akina mama hawatakutana kwa kuimba na kusali tu. Watasomewa vitabu vizuri vya imani na vya nyumba ya Kikristo, ili wakue. Vitabu vingi ni vya Kiswahili, na akina mama wengi wanajua Kibena tu, basi anahitajika kiongozi wa kusoma na kuwafafanulia. "Wazee wameketi," akasema, "wamemwona mama Hulda, mjane wa marehemu Mika. Atakabidhiwa Alhamisi ijayo. Tunamshukuru mama Ema kwa utumishi wake."

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilisikia pamoja na watoto na wageni. Mama Yoeli, mwanamke mzee mwenye mdomo asiyemwogopa mtu, alinigusa ubavuni. "Ulijua?"

"Nilijua," nikasema.

Njiani Filemoni alitembea mbele na mimi nyuma. Tulipovuka daraja la miti niliuuliza mgongo wake, "Nani alitaja jina la Hulda?"

"Lilikuwa jambo la baraza."

"Baraza lina midomo mingapi? Nauliza mdomo uliolitaja."

Alisimama. Si mwongo, hilo nampa. "Ni mimi."

"Ulinitoa wewe."

"Sikukutoa, Ema. Kazi imebadilika. Utasomaje usichoweza kusoma?"

"Ulipokuwa unasoma, mimi nililima. Kama ningesoma mimi, wewe ungelima?"

Alisema tu kwamba mawingu yanakuja upande wa Makete na tukaze mwendo. Nikakaza mwendo. Ila kuanzia hapo kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwangu: kurudi mahali pangu, palipochukuliwa na Hulda, kabla hajapazoea.

Nilikumbuka Mchungaji alisema pia Jumapili ile kwamba kitabu kizuri atakacholeta mama yeyote kitasomwa. Nikajiambia, basi atakayeleta kitabu cha kwanza ndiye atakayekuwa ameanzisha kazi. Hulda atakuwa mdomo tu, kama ngoma. Na kitabu hicho kisipite kwanza mikononi mwa Filemoni, wala mikononi mwa Hulda, maana kikipita kwao kitakuwa chao.

Nilipakia magunia yangu ya maharage kwenye lori, nikasema nakwenda kuuza Makambako. Hiyo ilikuwa kweli.

Makambako upepo hauna adabu. Unapiga vumbi la malori mpaka ndani ya meno. Niliuza maharage yangu upesi kwa watu waliokuwa wakisubiri lori la kwenda mashamba ya mkonge, kisha nikaulizia vitabu. Wakanionyesha baraza ya duka la Mhindi. Pale alikaa mtu mmoja, jina lake Odilo, amevaa koti zito la mitumba lililofungwa vifungo mpaka kidevuni kwa sababu ya baridi, na mbele yake sanduku la mbao limejaa vitabu.

"Kamwene, mama. Karibu. Unatafuta nini?"

"Kitabu."

"Hapa sina kingine. Kitabu gani?"

"Kinachohusu imani," nikasema. "Na neema. Na ndoa. Na kuongoza watu."

Odilo alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, unataka kitabu au unataka gunia? Vyote hivyo katika kimoja!"

"Kama huna, niambie niende kwa mwingine."

"Ngoja, ngoja, usiwe na hasira, mama yangu. Unajua kusoma?"

"Kitasomwa na watu wengine."

Alichimba sandukuni akatoa kimoja chenye jalada la rangi. Palikuwa na mwanamume mwenye ndevu ameshika msumeno, na mwanamke amejifunika kitambaa cha buluu, na mtoto katikati yao. Nikakipenda pale pale. Mume, mke, mtoto, kazi. Ni nyumba ya Kikristo kabisa. Nikamwambia anisomee.

Alisoma katikati ya kitabu. Nakumbuka vizuri. Kilisema mume anayerudi na hasira aiache nje pamoja na jembe, na mke asihesabiwe kama mtumishi aliyekwisha kulipwa, kwa kuwa nyumba inasimama juu ya shukrani. Kilisema pia anayeongoza wengine aanze kwa kuwasikiliza wa nyumbani mwake. Nilitaka kulia mbele ya mtu nisiyemjua. Moyoni nilimwona Filemoni amekaa akisomewa maneno yale na Hulda mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya akina mama wote.

"Nakichukua," nikasema.

"Umechagua vizuri, mama. Mungu akubariki nyumbani kwako."

Sikumwuliza ni wa kanisa gani. Huku kwetu tunajua watu kwa vijiji vyao. Fulani anatoka upande wa misheni yetu, fulani anatoka upande wa mapadri, basi imeisha. Makambako hakuna pande. Wote wanatoka kwenye lori.

Kitabu nilikifunga ndani ya kitenge, nikakiweka chini ya mahindi ya mbegu. Alhamisi ilipofika, kanisa lilijaa. Mchungaji Elieza alikuwepo, na Filemoni amesimama karibu na mlango pamoja na wazee wengine waliokuja kushuhudia makabidhiano. Hulda alikaa kwenye kiti cha mbele. Alikikalia ukingoni tu, kama mtu anayeogopa kukivunja. Hata hilo lilinichoma. Kaa basi, umekwisha kupewa!

Mchungaji aliuliza kama yuko mama aliyeleta kitabu. Nikasimama. Nilisikia watu wakinong'ona, "Ema! Ema ana kitabu!" Nilimwona Filemoni akinyanyua uso. Nilitembea mpaka mbele, nikafungua kitenge, nikampa Hulda. "Nimekitafuta mwenyewe Makambako," nikawaambia wote. "Ni cha ndoa na neema na uongozi. Mama Hulda atatusomea."

Hulda alifungua ukurasa wa kwanza. Macho yake yalikwenda upande, yakarudi, yakasimama. Akaniangalia. Akasema polepole, kwa sauti ya sisi wawili, "Dada, hiki tukakisome nyumbani kwanza."

Mnasikia? Nyumbani. Barazani pake, na Filemoni na kigoda chake. Hata kitabu changu nilichokiuzia maharage yangu!

"Soma hapa," nikasema kwa nguvu. "Au umesahau kusoma?"

Wanawake walicheka. Mama Yoeli akasema kutoka nyuma, "Msomee mwenzio, binti Ezekia, usitucheleweshe!"

"Dada, tafadhali..."

"Soma ulipofungua."

Akasoma. Alisoma kwa Kiswahili, halafu akasema kwa Kibena, kwa sauti isiyo na pumzi. Ilikuwa sala ya kumwomba Bikira Maria aiombee nyumba, na maelezo ya jinsi ya kuhesabu rozari jioni pamoja na watoto.

Halafu mama Yoeli, "Haa! Ema ametuletea Roma!"

Kanisa lililipuka. Wengine walicheka wakafunika midomo kwa kanga, wengine walikasirika kweli kweli, maana kuna nyumba zetu ambazo binti akiolewa upande wa mapadri huliliwa kama amekufa. Mmoja akasema, "Basi kesho atatuletea na padri!" Mzee mmoja wa kanisa alitoka nje akisonya. Filemoni alitazama viatu vyake.

Watu huniambia, Hulda alijaribu kukusitiri. Nawajibu hivi. Katika wanawake wote waliokuwa pale, nani mwingine aliyejua kusoma? Angeweza kugeuza kurasa. Angeweza kwenda katikati, pale penye jembe na shukrani, akasoma hapo, nani angejua? Kama ni kusitiri, kusitiri kulikuwa ndani ya vidole vyake viwili. Alikuwa na akili ya kulijua hilo. Nami nilikuwa nimemwambia asome alipofungua, akashika neno langu kama mtoto wa shule anavyoshika amri, na likanivunja.

Jumamosi waliniita katika chumba cha wazee. Mchungaji Elieza alikuwa mpole, lakini wazee wengine walikuwa wakali. Mke wa mzee wa kanisa, wakasema, ameleta mafundisho mengine mbele ya akina mama. Atengwe na Meza ya Bwana mpaka Pasaka, iwe fundisho. Filemoni alikaa upande wao wa meza. Hakunishtaki, wala hakunitetea. Alikaa kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Mlango ukabishwa, akaingia Hulda. Hakuitwa.

"Wazee wangu, niwieni radhi," akasema, akapiga goti. "Nilikiona kitabu kabla sijasoma. Ningeweza kukifunga. Kama kosa ni maneno yale kusikika kanisani, aliyeyasema ni mimi. Nitengeni mimi. Dada alitaka kutuletea kitu kizuri tu."

Niliona nyuso zao zinavyolegea. Mzee aliyekuwa mkali kuliko wote alipangusa jicho. Nikasema moyoni, tazama, hata aibu yangu imempamba. Filemoni naye alimtazama. Alimtazama Hulda, hakunitazama mimi niliyekuwa nashtakiwa. Ningependa kutengwa mara mbili kuliko kuona mtazamo ule.

Mchungaji Elieza alisema, "Basi tusimtenge mtu. Tatizo ni kwamba mama Ema hajui kusoma. Mama Hulda amfundishe, na wawili hawa wapatane. Hiyo ndiyo neema yenyewe, wazee."

Wote wakaguna kukubali. Hulda akanitazama kwa macho ya kungoja.

"Nakataa," nikasema.

"Mama Ema!"

"Nakataa, Mchungaji. Sitakaa chini ya Hulda nikarudia a, e, i, o, u. Naomba niulize wazee swali. Siku ya harusi yangu, nani alisimama nami mbele ya madhabahu? Hulda?"

Mzee mmoja alichekea puani.

"Ni Filemoni," nikasema. "Filemoni anasoma kila jioni. Ninyi nyote mmepita njiani mkamwona barazani. Tena nyumbani kuna kitabu chenye jalada la kijani, alikileta mwenyewe, kinasema mume na mke wakae jioni wazungumze. Mimi sijui kusoma, lakini hilo nililisikia. Basi anifundishe yeye. Kila jioni, jikoni kwangu. Na mpaka nitakapojua kusoma, asisome na mwingine."

Hapakuwa na mtu aliyeweza kunipinga, maana nilikuwa nawaomba mume amfundishe mkewe. Mchungaji alimgeukia Filemoni.

"Unasemaje, mzee?"

"Nitamfundisha," Filemoni alisema.

"Na kiti cha akina mama?" Mchungaji akaniuliza. "Ukijua kusoma tutalitazama upya jambo hilo."

Nilitazama mikono yangu. Nilijua kama ningesema nakitaka, wangenipatanisha na Hulda hapo hapo, tukae wawili, tugawane, na jioni zingegawanywa pia. Kiti kile nilikipenda. Nilikikalia tangu mtoto wangu wa kwanza ananyonya.

"Hulda akae nacho," nikasema. "Mimi nimechagua."

Hulda alilia. Sijui alilia nini, maana alikuwa amepata kiti na sifa siku moja.

Sasa kila jioni Filemoni anakaa karibu na moto wangu, na sleti, kile kibao cha shule, mapajani. Ni mwalimu mbaya. Akisoma kwa watu wenye akili anang'aa, lakini kumfundisha mke wake kunamchosha kama kupasua kuni mbichi. "Hapana, Ema, hiyo ni b. Tumbo liko upande wa kulia." "Tumelisoma hili jana." Anapiga miayo. Mimi nasoma. Nimefika kwenye maneno marefu.

Ng'ambo ya ua, Hulda humsomea Ida. Anasoma kwa sauti, ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na sauti yake inapita kwenye ukuta wa udongo kama harufu ya chakula cha nyumba ya jirani. Anasoma vizuri. Jana alikuwa na kitabu kipya, alichotumiwa na ndugu zake, chenye mambo ya imani, na alifika mahali pagumu akarudia mstari, akaurudia tena, kama anamwuliza mtu.

Kidole cha Filemoni, kilichokuwa kinaniongoza kwenye mstari wangu, kikasimama. Alikuwa ameinua kichwa. Midomo yake ilikuwa imeanza kulitengeneza jibu.

Nilishika mkono wake nikausogeza mbele, kwenye neno linalofuata.

"Hapa," nikamwambia. "Tulikuwa hapa."